Muuza Kahawa Kwenye Simfoni ya Hans Rott

KASSIM: Taa nyekundu imewaka. Haya, karibuni. Mimi Kassim, yule pale dada Zuhura, mengine mnayajua.

ZUHURA: Na asiyeyajua?

KASSIM: Atatujua kwa ubishi. Sasa sikiliza. Jumanne alasiri nimeweka simfoni ya Rott sebuleni, kwenye spika kubwa. Nimefika sehemu ya mwisho, ile ndefu. Shangazi yuko uani. Mara nasikia: "Kassim! Mzuie huyo wa kahawa asipite, nataka vikombe viwili!"

ZUHURA: (anacheka) Jamani.

KASSIM: Kumbe anasikia ile pembetatu ya chuma, ala ya kugonga ya okestra. Ting-ting-ting-ting, haikomi. Akajua kijana wa dele anapita anagonganisha vikombe. Nikamwambia shangazi, hakuna muuza kahawa, ni okestra. Akasema, basi waambie waje na kashata.

ZUHURA: Shangazi kamaliza kipindi, tuage tu. Maana watu wamesomea muziki miaka na miaka wakaandika jambo hilohilo kuhusu simfoni ile, ila kwa kurasa kumi.

KASSIM: Usiage, tuna ratiba. Nimeandika mafunzo manne hapa. Moja, kujua rekodi imetokana na nota zipi. Mbili, namna ya kulinganisha rekodi bila kujidanganya. Tatu, kuitafuta kwenye programu za muziki za simu. Nne, kazi zake nyingine za okestra. Robo saa robo saa, tumemaliza.

ZUHURA: Wewe na robo saa zako. Kwanza mweleze msikilizaji Rott ni nani.

KASSIM: Hans Rott, mzaliwa wa Vienna, mwaka 1858, tarehe 1 Agosti. Baba yake mwigizaji wa vichekesho. Kufika 1876 wazazi wote wawili wameshafariki. Anasoma kwenye chuo cha muziki pale Vienna, kinanda cha kanisani anafundishwa na mtunzi Bruckner mwenyewe, na wenzake wa rika ni watunzi akina Mahler na Hugo Wolf. Mwaka 1878 anapeleka sehemu ya kwanza ya simfoni kwenye mashindano ya chuo.

ZUHURA: Anachekwa.

KASSIM: Anachekwa na majaji. Bruckner anawakemea, anawaambia mtu huyu mtakuja kusikia makubwa yake. Haikusaidia, alitoka mikono mitupu. Akaendelea kuandika hadi 1880, simfoni ikatimia sehemu nne. Septemba mwaka huo anampelekea Brahms, mtunzi mkubwa wa Vienna.

ZUHURA: Ambaye alikuwa mmoja wa watu wa kuamua ruzuku ya serikali aliyoiomba. Pamoja na Hanslick, yule mhakiki. Mshike Hanslick, nitamrudia.

KASSIM: Brahms, kwa jinsi inavyosimuliwa, alimwambia kwamba ndani mna mazuri sana na upuuzi mwingi, kiasi kwamba hayo mazuri hayawezi kuwa yake. Mwezi uliofuata, Oktoba, yuko kwenye treni anakwenda Mühlhausen, huko Alsace, kuanza kazi ya kuongoza kwaya. Abiria mwenzake anataka kuwasha sigara. Rott anamtolea bastola, anasema usiwashe, Brahms amejaza baruti kwenye treni hii.

ZUHURA: Hapo watu huwa wanacheka na mimi huwa sicheki.

KASSIM: Hata mimi. Alikuwa mgonjwa. Alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, ile ruzuku ikaja kukubaliwa akiwa tayari humo, na kifua kikuu kikamuua tarehe 25 Juni 1884. Alikuwa na miaka 25.

ZUHURA: Na simfoni haikupigwa.

KASSIM: Haikupigwa hata siku moja. Marafiki walizitunza karatasi, zikaishia Maktaba ya Taifa ya Austria. Mtafiti Mwingereza, Paul Banks, akazifukua miaka ya sabini. Onyesho la kwanza kabisa ni tarehe 4 Machi 1989, mji wa Cincinnati, Marekani, mwongozaji Gerhard Samuel. Na wapigaji, hili ndilo ninalolipenda, ni wanafunzi. Okestra ya chuo. Alichekwa chuoni, akafufuliwa chuoni.

ZUHURA: Mwaka huohuo Hyperion, kampuni ya rekodi ya London, ikatoa rekodi na okestra ileile. Hapo kuna jambo la mkusanyaji wa rekodi kulijua: huyu mtunzi hana santuri za zamani. Hana rekodi ya redio ya mwaka 1938 yenye mikwaruzo, hana mwongozaji mkongwe ambaye wazee watakwambia "huyo ndiye alipiga inavyotakiwa". Maisha yake yote kwenye rekodi yameanza enzi za sidii. Kwa hiyo ukisikia mtu anauza santuri ya Rott ya miaka ya hamsini, shika pochi yako.

KASSIM: Na hakuna mazoea ya kuegemea. Beethoven akiandika kitu kigumu, kuna miaka mia mbili ya watu waliogundua namna ya kukipiga. Rott ana nota tu.

ZUHURA: Na muuza kahawa.

KASSIM: Na muuza kahawa. Sawa, tumalizane naye huyu kisha tuanze funzo la kwanza.

ZUHURA: Okestra yenyewe haina maajabu. Filimbi, obo, klarineti, fagoti, honi nne, tarumbeta tatu, tromboni tatu, timpani, nyuzi. Okestra ya kawaida ya mwaka 1880. Halafu kaongeza chuma kimoja cha pembetatu, na akishakiwasha hajui kukizima. Ukurasa baada ya ukurasa. Okestra ikipanda, chuma. Ikitulia kidogo, chuma bado kipo. Watunzi wengi hukiweka kama chumvi, wewe umeona mtu anakula sahani ya chumvi?

KASSIM: Tueleze kwa nini kinasikika hadi uani. Chuma kidogo hivi, upande wake sentimita 15 mpaka 25, kinashindaje watu themanini?

ZUHURA: Kwa sababu hakipigani nao uwanja mmoja. Nguvu kubwa ya sauti ya okestra iko chini, chini ya hezi 4,000, yaani mitetemo 4,000 kwa sekunde, kwa sehemu kubwa. Pembetatu inatawanya sauti zake kutoka hapo kwenda juu, hadi karibu na mwisho wa sikio la binadamu. Na sauti hizo hazipangiki kama za uzi wa fidla, hazizai nota moja. Ndiyo maana haigombani na ufunguo wowote: okestra ikiwa kwenye E, ikiwa kwenye A, chuma ni kilekile. Haifunikwi, kwa sababu hakuna chombo kingine pale juu cha kuifunika. Vikombe vya kahawa ni vivyo hivyo, kijana yuko mitaa miwili nyuma, magari yanapita, na bado unamsikia.

KASSIM: Ila mpigaji anaweza kuipunguza.

ZUHURA: Anaweza sana, na hapo ndipo unajua okestra imejiandaa au haikujiandaa. Kwanza namna ya kuitundika: uzi mwembamba, wa nailoni au utumbo. Ukitundika kwa kamba nene, kamba inashika chuma, mlio unakufa. Na unaweka uzi wa pili wa akiba, maana wa kwanza ukikatika katikati ya sehemu ya taratibu, chuma kitaanguka sakafuni na ukumbi mzima utajua jina lako. Pili, vijiti. Mpigaji anakuwa na vijiti vya chuma vya unene tofauti. Kijiti kinene, sauti nene na kubwa. Chembamba, sauti nyepesi.

KASSIM: Na ile ya mfululizo?

ZUHURA: Unaingiza kijiti kwenye kona iliyofungwa, unakipeleka huku na huku haraka, kinagonga pande mbili. Karibu na kona mwendo ni mfupi, sauti inapungua. Ukishuka katikati mwendo unarefuka, sauti inakua. Kazi ngumu si kupandisha, ni kushuka taratibu bila kukatika. Sasa Rott anakutaka ufanye hivyo kwa muda ambao mkono wa kawaida umeshaanza kulalamika.

KASSIM: Nilisoma watu wakimlaumu mpigaji.

ZUHURA: Bure tu. Wamlaumu fundi mitambo kwanza. Mpigaji wa pembetatu anakaa nyuma, lakini mikrofoni za juu zimening'inizwa mbele kushika fidla, na zinasikia kila kitu. Chuma kikishaingia kwenye mikrofoni ya fidla, hakitoki. Ukisema upunguze hizo hezi 8,000 kwenda juu, umepunguza na mkwaruzo wa upinde na pumzi ya filimbi, okestra nzima inakuwa kama imefunikwa blanketi. Dawa ni kabla ya kurekodi: msogeze mtu, mbadilishie kijiti, mgeuze chuma kisielekee ukumbini.

KASSIM: Halafu kuna sisi wa mwisho wa mnyororo. Simu.

ZUHURA: Eh, simu! Wengi wanaoniandikia kwamba pembetatu ya Rott inawaumiza, nawauliza unasikiliza kwa kiwango gani? Wanajibu sijui. Sasa sikiliza. Faili la MP3 la kilobiti 128 kwa sekunde mara nyingi limekatwa juu ya hezi 16,000 au karibu na hapo. Hilo dogo. Kubwa ni kwamba MP3 inagawa muziki vipande, kila fremu milisekunde 26 hivi, na mlio wa ghafla ukitokea katikati ya kipande, uchafu wa kubana unasambaa kwenye kipande chote, hata kabla ya mlio wenyewe. Kwa tromboni hutajua. Kwa chuma kinachogongwa mara kumi kwa sekunde, kila pigo limetanguliwa na kivumbi chake. Ting inageuka kuwa tsshh. Muuza kahawa amekuwa mkaanga samaki.

KASSIM: (anacheka) Shangazi angeomba na ndimu.

ZUHURA: Kwa hiyo kabla hujamhukumu Rott, panda. Simfoni ni kama dakika 55. Kwa kilobiti 128 ni megabaiti 53 hivi, kwa 320 ni kama 132. Bando linauma, ndiyo, lakini pakua ukiwa kwenye waifai, mara moja basi.

KASSIM: Vizuri. Funzo la kwanza: toleo la nota.

ZUHURA: Subiri, Hanslick.

KASSIM: Dada...

ZUHURA: Nilisema nitamrudia. Mtunzi Liszt ana konseto ya kwanza ya piano, yaani kazi ya piano na okestra, ilipigwa mara ya kwanza Weimar mwaka 1855. Ndani mna pembetatu, tena peke yake, inasikika wazi. Hanslick akaibeza, akaiita "konseto ya pembetatu". Jina likaganda, likaipaka tope ile kazi kwa miaka. Miaka 25 baadaye, mtu huyohuyo yuko kwenye kamati ya ruzuku, analetewa karatasi za kijana ambaye...

KASSIM: ...ambaye kamwaga dele zima.

ZUHURA: Kamwaga dele na vikombe vyote! Ni kama kwenda kuomba kazi kwa mtu asiyependa vitunguu, ukamletea kachumbari.

KASSIM: Na Brahms naye, unajua alichofanya? Simfoni ya Nne, sehemu ya tatu.

ZUHURA: Pembetatu! Mwaka 1885. Rott hajamaliza hata mwaka na nusu kaburini. Sisemi aliiba, chombo kilikuwa cha kila mtu. Ila nikifika pale huwa nakohoa.

KASSIM: Lakini angalia Brahms alivyoitumia. Sehemu moja tu ya simfoni, ile ya furaha. Sehemu nyingine tatu mpigaji amekaa mikono mapajani. Ndiyo tofauti ya mtu aliyesikia muziki wake mara nyingi na mtu ambaye hakuusikia kabisa. Na mimi hapa niseme wazi: Rott angekuwa hai kwenye mazoezi ya kwanza tu, siku ya kwanza, angechukua kalamu akafuta nusu ya pembetatu ile. Kwa hiyo mwongozaji anayeipunguza leo anamfanyia kazi aliyonyimwa nafasi ya kuifanya.

ZUHURA: Hapana.

KASSIM: Hapana nini?

ZUHURA: Hapana yote. Umejuaje angefuta?

KASSIM: Kwa mfano wa rafiki yake. Mahler, simfoni ya Kwanza: Budapest 1889, sehemu tano. Berlin 1896, sehemu nne, ametoa nzima ile inayoitwa Blumine, na katikati hapo amebadilisha vyombo kila alipoisikia. Mahler ndiye sikio kubwa la kizazi chao, na bado alihitaji kusikia ili ajue. Rott alikuwa na miaka 22.

ZUHURA: Mahler alirekebisha ya Mahler. Hiyo si sawa na Kassim kurekebisha ya Rott. Na usichague mfano unaokufaa tu. Wapo waliosikia kazi zao mara ishirini na hawakufuta kitu. Wewe unachukua ladha yako, unamvisha marehemu, halafu unasema amekutuma.

KASSIM: Sijasema iondolewe. Nasema acha pigo la kwanza la kila kifungu, toa mfululizo. Au kijiti chembamba kabisa, mpigaji nyuma ya tromboni. Nota zipo, hazisumbui.

ZUHURA: Hapo kwenye kijiti chembamba niko nawe. Kwenye kutoa mapigo hatuko pamoja hata kidogo. Nikupe fikra yangu, na ni fikra, sina barua yake. Huyu kijana alikuwa mpiga kinanda wa kanisa. Kanisa la Wapiarist, Vienna, 1876 hadi 1878. Vinanda vya kale vya nchi za Kijerumani vina kitu kinaitwa Zimbelstern, nyota inayozunguka na vikengele vidogo. Unavuta kitufe, vinalia mfululizo, ting-ting-ting, mpaka urudishe kitufe. Hupigi mapigo, unawasha hali ya hewa. Nikiisikiliza ile sehemu ya mwisho kwa sikio la kinanda, pembetatu siyo mapambo. Ni rangi ya ukuta.

KASSIM: Fikra nzuri sana, nakubali ni nzuri. Lakini Zimbelstern inalia kanisani, sauti inachukua sekunde kadhaa kufa, vikengele vinayeyuka kwenye dari. Ukumbi wa okestra ni mkavu. Hata ikiwa alisikia kanisa kichwani, kilichotoka kwenye karatasi hakitoi kanisa. Kinatoa kahawa.

ZUHURA: Basi rekodi kanisani.

KASSIM: Utapoteza sehemu ya tatu yote! Ile mbio zote zile kwenye mwangwi wa sekunde nne? Ni uji.

ZUHURA: Afadhali uji wa Rott kuliko biriani la Kassim.

KASSIM: (kimya kidogo) Sawa, nikupe Bruckner. Simfoni ya Saba, sehemu ya taratibu, kilele. Kuna pigo la matasa na pembetatu, liliongezwa kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa kwenye nota. Na juu yake pameandikwa kwa Kijerumani kwamba halihesabiki. Toleo la nota la mhariri Haas la 1944 likalitoa. Toleo la mhariri Nowak la 1954 likalirudisha. Waongozaji mpaka leo wanachagua, na hakuna anayeitwa mwizi. Kwa nini mwalimu achaguliwe na mwanafunzi asichaguliwe?

ZUHURA: Kwa sababu pale kuna karatasi! Umesema mwenyewe, kuna kipande kilichobandikwa, kuna maandishi. Ushahidi unagombana na ushahidi, mwongozaji analazimika kuamua. Kwa Rott ushahidi uko upande mmoja tu. Nionyeshe mahali alipofuta pembetatu kwa mkono wake, nitanyamaza leo mpaka Ramadhani.

KASSIM: Siwezi kukuonyesha kwa sababu hakupata mazoezi, ndiyo hoja yangu.

ZUHURA: Na hoja yako haina karatasi, ndiyo yangu.

KASSIM: Msikilizaji wa kawaida anazima dakika ya arobaini. Hilo si karatasi, hilo ni mtu. Mtunzi kasahaulika zaidi ya miaka mia, anapata nafasi moja kwa msikilizaji mpya, na nafasi hiyo inaliwa na chuma.

ZUHURA: Na ukimsafisha, msikilizaji mpya anakutana na nani? Anakutana na Mahler aliyechelewa. Hapo ndipo ninapokasirika kweli. Sehemu ya tatu, Mahler akija kuandika Kwanza yake mwaka 1888, unasikia ujirani ule waziwazi. Rott kaandika kabla, lakini kwa kuwa tulimsikia baada, tunasema Rott anafanana na Mahler. Mtoto kamzaa baba. Mahler mwenyewe alizisoma nota mwaka 1900, akasema huyu ndiye mwanzilishi wa simfoni mpya kama yeye anavyoielewa. Sasa kuna kitu kimoja humo ambacho hakifanani na Mahler, wala Bruckner, wala Brahms, na ni hicho chuma kisichozimika. Wewe unataka kukitoa.

KASSIM: Kuwa wa kipekee si lazima kuwe kuzuri.

ZUHURA: Sikusema kizuri. Nimesema chake.

KASSIM: Mhm. Hatutaelewana.

ZUHURA: Hatutaelewana. Saa ngapi?

KASSIM: Mungu wangu. Tumebakiwa na dakika saba.

ZUHURA: (anacheka) Robo saa robo saa!

KASSIM: Funzo la kwanza, haraka: nota zinatolewa na Ries & Erler wa Berlin, mhariri Bert Hagels. Rekodi za mwanzo zilifanywa kabla ya toleo hilo, kwa hiyo... basi, hilo lina mengi, tuliache. La pili.

ZUHURA: La pili nalitaka. Ukilinganisha rekodi, usisikilize simfoni nzima mara sita, utachoka na utaipenda ya kwanza. Chukua sekunde 40 za mwanzo wa sehemu ya tatu, "Frisch und lebhaft", pitia zote. Zima kwanza ile mipangilio ya programu inayosawazisha sauti. Halafu wewe mwenyewe linganisha sauti kwa mkono, maana iliyo juu kidogo itakudanganya kuwa ndiyo bora. Na usiweke sauti kwa kufuata mwanzo wa simfoni. Mwanzo ni tarumbeta moja, pole, juu ya nyuzi. Watu wanapandisha, kisha sehemu ya kwanza inapofika mwisho spika zinaruka ukutani. Nenda mwisho wa sehemu ya kwanza, dakika ya nane hivi, weka sauti hapo, rudi mwanzo.

KASSIM: Na zima ile ya kuunganisha wimbo na wimbo.

ZUHURA: Hasa! Simfoni hii inaisha kwa utulivu. Baada ya kilele chote kile, wimbo wa tarumbeta wa mwanzo umerudi na kila mtu, inashuka, inashuka, nyuzi zinabaki. Kama programu yako inachanganya mwisho wa wimbo na mwanzo wa unaofuata, utaingiziwa matangazo au bongofleva juu ya ukurasa mzuri kuliko yote.

KASSIM: La tatu, kutafuta. Andika Rott kwa t mbili. Ukikosea utapewa Nino Rota, naye mtu mzuri lakini si yeye. Kazi inaitwa mahali pengine "Symphony No. 1", pengine "Symphony in E Major", pengine "Sinfonie Nr. 1 E-Dur", ni ileile. Ongeza jina la mwongozaji, ndiyo njia fupi. Kuna Segerstam na okestra ya Norrköping, kampuni ya rekodi BIS. Kuna Dennis Russell Davies na okestra ya redio ya Vienna, CPO. Weigle na okestra ya redio ya Munich. Catherine Rückwardt, Mainz. Paavo Järvi, Frankfurt. Trinks, Salzburg...

ZUHURA: Polepole, watu wanaandika.

KASSIM: Dakika nne! Hrůša na Bamberg, Deutsche Grammophon, 2022. Hiyo ina Blumine ya Mahler humohumo, kwa hiyo ugomvi wetu wa leo unaupata ndani ya sidii moja. Mtu anaanza na ipi?

ZUHURA: Hrůša kwa sauti safi. Kisha Samuel, wale wanafunzi.

KASSIM: Mimi Järvi kwanza. Mwendo wake hauburuzi.

ZUHURA: Tusianze tena.

KASSIM: Tusianze. La nne, kazi nyingine, lilikuwa na ukurasa mzima: utangulizi wa Julius Caesar, utangulizi wa Hamlet, suti mbili za okestra, utangulizi wa kichungaji, yaani wa malishoni. Zote anazo Christopher Ward na okestra ya Gürzenich ya Cologne, Capriccio, majuzuu mawili. Yale mengine...

ZUHURA: Kuna pembetatu humo?

KASSIM: Hatuna muda, dada.

ZUHURA: Nauliza tu.

KASSIM: Shangazi atasikiliza atuambie. Namba ya ile ya Hyperion, kwa wanaotafuta sidii yenyewe ya mitumba, ni CDA66366. Narudia, C, D, A, sita sita, tatu, sita sita. Ukiipata, angalia kwanza...

ZUHURA: Kassim, taa.

KASSIM: ...angalia kwanza upande wa chini kama haina mikwaruzo ya mduara, ya kutoka katikati kwenda nje haina neno sana, ile ya kufuata mzunguko ndiyo mb—